Picha ya jela ya mdogo wangu Florida: ilitokaje, na itaondokaje?

Swali: Mdogo wangu wa kiume anaishi Florida, Marekani, kwa viza halali. Alikamatwa usiku, kesho yake akaachiwa kwa dhamana, na kesi bado haijaanza kusikilizwa. Kabla hata hajatupigia simu, picha aliyopigwa jela ilikuwa imeshafika kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Imetoka kwenye tovuti moja inayodai dola 399 ili kuifuta. Polisi waliruhusiwaje kuitoa wakati hajahukumiwa? Mimi niko Tanga. Nikitaka kuona kumbukumbu halisi naipataje? Na tulipe? (Dada mtu, Tanga)

Jibu: Msilipe. Sababu nitazieleza mbele, ila kama ndugu wameshaanza kuchangishana, mwambie mweka hazina asimamishe mchango leo.

Tuanze na picha yenyewe. Polisi wa mji wa Marekani wakimkamata mtu kwa kawaida hawamlazi kituoni siku tatu nne akisubiri ndugu. Wanampeleka jela ya kaunti (sehemu ya jimbo, mfano wa wilaya kwetu), na Florida ina kaunti 67. Pale anaandikishwa: jina, tarehe ya kuzaliwa, urefu, uzito, alama za vidole, vitu vya mfukoni vinahesabiwa na kufungwa kwenye bahasha, kisha anasimamishwa mbele ya kamera. Anapewa namba ya kuandikishwa, na hiyo namba iandikeni mahali, mtaihitaji. Asipoachiwa mapema, anatakiwa afikishwe mbele ya hakimu ndani ya saa 24. Maana yake picha hupigwa kabla hakimu yeyote hajatamka neno. Inathibitisha jambo moja tu, kwamba mtu huyu aliandikishwa jela siku fulani. Haisemi kama alifanya kosa, wala kama atashtakiwa.

Kwa nini basi mgeni yeyote anaweza kuiona? Kwa sababu Florida ni miongoni mwa majimbo yaliyo wazi kuliko yote kwa kumbukumbu za serikali. Mizizi ya sheria yake ni ya 1909, leo ni Sura ya 119 ya sheria za jimbo, na mwaka 1992 wapiga kura waliiingiza haki hiyo kwenye katiba yao. Jina la aliyekamatwa, umri, mahali, saa na aina ya kosa anayotuhumiwa ni habari za umma, na picha inafuata mkumbo huo huo. Hoja ya msingi si mbaya. Serikali inayoruhusiwa kukamata watu kimyakimya ni ya kuogopwa, na yeyote aliyewahi kuzunguka vituo vitatu usiku akimtafuta ndugu yake, huku kila kaunta inamwambia "hapa hayupo", anaielewa hoja hiyo bila kufundishwa. Ubaya ulikuja pale picha ilipohama kutoka kwenye jalada na kuingia kwenye intaneti, ambako haizeeki.

Lakini asije mtu akakwambia "Marekani ndivyo ilivyo". Hakuna sheria moja ya nchi nzima, na hapa ndipo watu wengi wanapotea. New York ilibadili sheria yake mwaka 2019: kutoa picha ya mahabusu sasa kunahesabiwa kuwa kuingilia faragha ya mtu, isipokuwa pale ambapo kuitoa kunasaidia kazi mahususi ya polisi. Utah, tangu 2021, huzuia picha mpaka mtu ahukumiwe. Georgia ilipiga marufuku mwaka 2014 kwa chombo kilichomkamata mtu kubandika picha za mahabusu kwenye tovuti yake, na anayeomba nakala hutia saini kwamba haichukui kwa ajili ya tovuti za kutoza watu. California ilianza Januari 2022 kuwazuia polisi na masherifu (wakuu wa polisi wa kaunti) kurusha mitandaoni picha za waliokamatwa kwa makosa yasiyo ya ukatili, ila kwa sababu chache zilizotajwa. Kwa hiyo swali la kwanza la mtu anayejua kazi hii ni "kaunti gani, jimbo gani?" Kosa linakuja baadaye.

Serikali ya shirikisho nayo ina njia yake. Sheria yao ya uhuru wa habari ya 1966 inahusu vyombo vya Washington tu. Haimgusi sherifu wa kaunti hata chembe, ingawa kila wiki watu wanawaandikia masherifu barua wakiinukuu. Mtu akikamatwa na vyombo vya shirikisho, picha yake haitolewi kirahisi. Mahakama moja ya rufani, ile ya Mzunguko wa Sita (mizunguko ni kanda za mahakama za shirikisho, kila moja ikiwa na majimbo yake), iliamua mwaka 1996 kwamba picha hizo zitolewe kwa magazeti, halafu mwaka 2016 ikajigeuza yenyewe, ikasema mtuhumiwa ana haki ya faragha katika picha yake na kila ombi lipimwe peke yake. Ndiyo maana mdogo wako angekamatwa na FBI huenda kundi la ukoo lisingekuwa na cha kurushiana.

Sasa namna ya kuitafuta kumbukumbu halisi ukiwa Tanga.

Anza na kaunti. Mji si kaunti: Tampa iko Hillsborough, Orlando iko Orange, Jacksonville iko Duval. Halafu uliza jela inaendeshwa na nani. Kaunti nyingi jela ni ya sherifu, lakini Orange jela iko chini ya idara ya magereza ya kaunti yenyewe, na ukimwandikia sherifu atakujibu kwa adabu kwamba hana unachokitafuta. Utakuwa umepoteza wiki.

Ukishajua jela, ingia kwenye tovuti yake ya serikali na utafute orodha ya mahabusu. Angalia anwani ya tovuti kwa makini. Zile za biashara zinajipamba kwa nembo ya nyota na jina la kaunti, na ndizo mara nyingi zinazotangulia kwenye matokeo ya utafutaji. Tovuti ya serikali haitakuomba kadi ya benki ili uone jina la ndugu yako.

Majina yetu ndiyo yanayosumbua zaidi. Tuseme kijana anaitwa Juma Hamisi Ally. Jela inaweza kumwandika ALLY kama ukoo na JUMA kama jina la kwanza, au HAMISI ALLY yote kama ukoo, au karani akasikia "Ali" na kuandika alivyosikia. Usiandike jina zima. Andika herufi tatu za mwanzo za ukoo, kisha jaribu upya kwa jina la kati. Mohamed peke yake ina tahajia zisizopungua tano. Mwenye pasipoti ya jina moja tu mara nyingine hukutwa ameandikwa FNU mahali pa jina la kwanza, kifupi cha "jina la kwanza halijulikani", na ndugu wanaapa kwamba huyo si mtu wao. Tarehe nazo: Wamarekani wanatanguliza mwezi. 04/07 ni tarehe 7 Aprili, si 4 Julai. Ukiijaza kwa mazoea yetu mfumo utakujibu hakuna mtu kama huyo. Na kwa ndugu zetu wa Kongo au Burundi waliopitia kambi za wakimbizi, wengi wameandikwa wamezaliwa 01/01, kwa hiyo kutafuta kwa tarehe ya kuzaliwa kutakuletea msururu.

Mtu akishaachiwa, jela nyingi huondoa jina lake kwenye orodha ya walioko ndani. Hilo halimaanishi kumbukumbu imefutwa. Hapo unaandika ombi. Florida hailazimishi mwombaji awe raia wa Marekani wala mkazi wa jimbo. Huhitaji kueleza sababu, na barua pepe inatosha. Andika kwa mtunza kumbukumbu wa jela: jina kwa tahajia zote unazozijua, tarehe ya kuzaliwa mwezi ukitajwa kwa maneno, tarehe ya kukamatwa, namba ya kuandikishwa kama unayo, na unachotaka: picha ya kuandikishwa na ripoti ya ukamataji. Usiandike "nipeni kila mlicho nacho kuhusu huyu". Ombi pana linaingia kwenye foleni ya kazi kubwa, na kazi kubwa wanaruhusiwa kukutoza saa za mfanyakazi. Ombi jembamba gharama yake ni ndogo: senti 15 kwa ukurasa wa upande mmoja wa kawaida, dola 1 kwa nakala iliyothibitishwa kwa muhuri. Sheria haikuweka idadi ya siku za kujibu, inataka muda unaofaa tu, basi baada ya wiki mbili kumbusha bila ukali. Wakikataa, wanapaswa kutaja kifungu kinachowaruhusu kukataa, na ukiomba kwa maandishi wakupe kwa maandishi. Mara nyingi ombi hilo la pili peke yake hulegeza kamba.

Angekuwa Kentucky, Tennessee au Virginia, wewe wa Tanga ungegonga mwamba, maana sheria za huko zinawapa haki hiyo wakazi au raia wa jimbo husika, na mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Marekani ilisema Virginia haikukosea kuweka mpaka huo. Dawa ni kumtuma ndugu au rafiki anayeishi humo aombe kwa jina lake. Tusiwashangae sana: haki ya kupata habari katika sheria ya Tanzania ya 2016 na katika Ibara ya 35 ya Katiba ya Kenya nayo ni ya raia.

Turudi kwenye dola 399.

Biashara hii inaendeshwa hivi. Programu ya kompyuta inapita kila siku kwenye orodha za jela za umma, inanyonya picha na majina, inayabandika kwenye tovuti, kisha inakaa ikisubiri familia ione haya. Mwaka 2013 Google ilibadili mfumo wake ili kuzishusha tovuti hizo kwenye matokeo, na kampuni za kadi zikaanza kujitenga nazo. Mwaka 2018 mwendesha mashtaka mkuu wa California aliwafungulia watu wanne waliodaiwa kuwa nyuma ya Mugshots.com mashtaka ya kujipatia fedha kwa vitisho, kutakatisha fedha na wizi wa utambulisho. Biashara haikufa, imebadili majina. Ukilipa tovuti moja, picha hubaki kwenye nyingine zilizonakili, na sasa wanajua kwamba familia hii hulipa. Wapo waliolipa mara tatu.

Florida wenyewe wameipiga marufuku. Kifungu cha 901.43, kilichoanza kutumika Julai 2018 na kurekebishwa 2021, kinasema aliye kwenye biashara ya kuchapisha picha hizi haruhusiwi kuomba wala kupokea malipo ili aiondoe. Mwenye picha akiandika kutaka iondolewe, wana siku 10 tangu kuipokea barua, na wanaiondoa bure. Wakikaidi, anaweza kwenda mahakama ya madai kuomba amri. Wakikaidi na amri, faini inaweza kufika dola 1,000 kwa siku, pamoja na gharama za wakili. Na haki hiyo haingoji matokeo ya kesi. Awe na hatia au asiwe nayo, barua ni ile ile.

Barua hizi hushindwa kwa mambo madogo. La kwanza, sheria imempa haki mwenye picha au mwakilishi wake wa kisheria. Dada mtu hayumo, hata kama wewe ndiye uliyemlea. Aandike mwenyewe na atie saini. La pili, inataka posta ya rejista. Barua pepe au ujumbe kwenye fomu ya tovuti hauanzishi hesabu ya siku 10. Aende posta, achukue risiti na kadi ya kurudisha saini ya mpokeaji. La tatu, barua inakwenda kwa wakala aliyesajiliwa wa kampuni, siyo anwani yoyote iliyo chini ya ukurasa. Wakala wa kampuni iliyosajiliwa Florida anatafutwa bure kwenye daftari la kampuni la jimbo, linaloitwa Sunbiz. Ndani aweke nakala ya kitambulisho na kiungo kamili cha ukurasa, herufi kwa herufi. Kabla ya yote apige picha ya skrini inayoonyesha ukurasa, tarehe na lile dai la dola 399. Wakishapokea barua wanaweza kulifuta dai haraka kuliko picha, na dai ndilo ushahidi wake.

Kampuni isipokuwa na wakala, au ikiwa imesajiliwa kisiwani mbali, sheria inabaki makaratasi. Hapo nenda Google: wana fomu ya kuomba kuondoa kwenye utafutaji kurasa za tovuti zinazowatoza watu ili kufuta habari zao. Ukurasa unabaki kwenye tovuti, ila mwajiri akiandika jina lake Google hauoni. Kwa kijana anayetafuta kazi hiyo ni nafuu kubwa. Tovuti ikishafuta kweli na picha bado inaonekana Google kama kivuli, kuna zana nyingine ya kuomba matokeo yaliyopitwa na wakati yasasishwe.

Gazeti ni jambo jingine. Kifungu hicho kinawalenga wale ambao biashara yao kuu ni kuchapisha picha hizo, hakimgusi mwandishi wa habari. Kwa gazeti andikeni kwa mhariri, kwa upole, mkiambatanisha matokeo ya kesi yakipatikana. Baadhi wamejirudi wenyewe: Tampa Bay Times iliacha mwaka 2020 kuchapisha safu za picha za mahabusu.

Na tovuti ya jela yenyewe? Florida, kwa sasa, ni vigumu. Kwingine vyombo vya serikali vimeanza kuona moto. Mwaka 2019 jopo la raia wanaoamua kesi mahakamani (jury) huko Pennsylvania liliitoza Bucks County dola 1,000 kwa kila mmoja wa watu zaidi ya 60,000 ambao kumbukumbu zao ziliwekwa kwenye mtandao wa jela. Mwaka 2024 Mahakama ya Rufani ya Mzunguko wa Tisa iliiruhusu kesi dhidi ya Maricopa County, Arizona, iendelee, ikiona kwamba kumwanika mahabusu mtandaoni kabla ya hukumu kunaweza kuwa ni kumwadhibu. Florida haimo katika mzunguko huo, kwa hiyo uamuzi hauwafungi, ingawa wakili wake anaweza kuutaja.

Kundi la WhatsApp sina sheria yake. Msimamizi aifute na aseme kwa nini, yatosha.

Lakini, dada, picha inawaumiza macho tu. Karatasi inayoweza kumrudisha mdogo wako nyumbani bila kupenda ni nyingine, nayo ni matokeo ya kesi kutoka kwa karani wa mahakama ya kaunti. Fomu za uhamiaji za Marekani, hasa ile ya kuomba uraia, zinauliza kama umewahi kukamatwa, siyo kama umewahi kufungwa, na zinauliza hata kama kumbukumbu ilifutwa. Atajibu ndiyo, aambatanishe nakala iliyothibitishwa. Akijibu hapana kwa kuwa picha imeshaondoka mtandaoni, uongo huo unaweza kumgharimu kuliko kosa lenyewe.

Kuna mtego wa Florida unaowanasa wageni. Hakimu anaweza kupokea ukiri, akatoa adhabu ndogo kama muda wa uangalizi, lakini akaacha kutamka kwamba mtu ana hatia. Kwa sheria ya Florida huyo hakutiwa hatiani, na wakili aliyechoka atamwambia "umepona, saini hapa". Kwa sheria ya uhamiaji ya shirikisho, ukiri pamoja na adhabu yoyote huhesabiwa kuwa hatia. Tangu uamuzi wa Mahakama Kuu wa 2010 katika kesi iliyotoka Kentucky, wakili wa jinai ana wajibu wa kumweleza mteja asiye raia kuhusu hatari ya kufukuzwa nchini. Mdogo wako aulize swali hilo waziwazi kabla ya kukubali makubaliano yoyote, na akiweza amlipe wakili wa uhamiaji kwa saa moja ya ushauri. Hizo dola 399 zingefaa hapo.

Kama ana pasipoti ya Tanzania, jueni pia kwamba nchi yetu imo kwenye orodha ya zile ambazo Marekani hulazimika kuuarifu ubalozi raia wake anapokamatwa, atake asitake. Kenya haimo, Mkenya huulizwa kama anataka ubalozi wake uarifiwe. Ubalozi haulipi dhamana wala wakili, ila simu yake jela hupokewa.

Kesi ikifutwa, anaweza kuomba kumbukumbu zifungwe au ziharibiwe. Mlango ni Idara ya Utekelezaji wa Sheria ya Florida, FDLE, inayotoa cheti cha sifa kwa ada ya dola 75. Cheti kikitoka ndipo anakwenda kwa hakimu. Nafasi hii kwa kawaida hutolewa mara moja maishani, asiitumie bila ushauri. Na kabla hajawasilisha ombi, aende dirishani kwa karani achukue nakala tatu au nne za matokeo ya kesi zenye muhuri, moja abaki nayo wakili na moja itumwe Tanga uihifadhi wewe. Jalada likishafungwa, karani yule yule anaweza kumwambia kwamba hana kitu chenye jina lake, na ofisa wa uhamiaji bado atakitaka.